Neti ya kuvuna ukungu inaganda barafu Makete: je, mimea ya baridi inaweza kutufundisha uso ulio bora?

#1 MkulimaWaUwanda

Habari za kazi, wakuu. Naomba mawazo juu ya jambo linalonisumbua kwa msimu wa pili sasa.

Ninaishi Makete, mkoani Njombe, kwenye tuta lililo juu kidogo ya mita 2,600, jirani na uwanda wa Kitulo. Kuanzia Juni hadi Agosti hatupati mvua ya maana, lakini alfajiri nyingi ukungu hupanda kutoka bondeni na kupita juu ya tuta letu kwa saa tatu au nne. Nimesimamisha nguzo mbili za mkaratusi, nikatandaza tabaka mbili za neti ya kivuli, ile ya vitalu vya miche, upana mita 10 na kimo mita 4, na chini yake nimefunga gata ya plastiki inayopeleka maji kwenye tangi. Mwezi Mei kazi ilikwenda vizuri na mama watoto aliacha kabisa kushuka kisimani. Ilipofika katikati ya Juni, nilitoka saa kumi na mbili asubuhi nikakuta neti imekakamaa kama bati. Kila tundu lilikuwa limezibwa na barafu, gata ilikuwa kavu, na nguzo moja ilikuwa imeinama. Jua lilipotoka, vipande vya barafu vilianguka nje ya gata, na vingine vilipotea hapo hapo juu bila kutoa hata tone.

Nimesoma kwamba watafiti wanaunda nyuso zinazoiga mimea, kama vile jani la yungiyungi na miiba ya mpungate. Je, upo mmea unaojua kuvuna ukungu penye baridi kali, na uso wake unaweza kuigwa kwa vifaa vya dukani?

#2 MwalimuWaSayansi

Hongera kwa kazi, mkuu. Kabla hatujafika kwenye mimea, tuelewane kwanza kuhusu kinachopita kwenye hiyo neti.

Matone ya ukungu ni madogo mno. Mengi yana kipenyo cha kati ya mikromita 1 na 40. Tuseme kila mita ya ujazo ya hewa inabeba gramu 0.2 za maji, na upepo unakwenda mita 5 kwa sekunde. Hapo kila mita ya mraba ya neti inapitiwa na gramu 1 ya maji kwa sekunde, yaani lita 3.6 kwa saa. Maji yapo. Kazi ni mbili: kuyakamata na kuyaachilia.

Kuhusu kukamata, hewa ikikutana na kitu kipana hujigawa mapema na kupita pembeni, na tone dogo huifuata. Ikikutana na uzi mwembamba, hewa hupinda ghafla na tone hushindwa kupinda nayo, likagonga uzi. Kuhusu kuachilia, tone lililokaa kwenye tundu la neti hushikiliwa na mvutano wa uso wa maji mpaka uzito wake uushinde mvutano huo. Baridi huharibu hatua hii ya pili. Mnato wa maji kwenye digrii 20 ni takriban milipaskali-sekunde 1.0, na kwenye digrii 0 unakaribia 1.8. Mvutano wa uso nao hupanda, kutoka milinewtoni 72.8 hadi 75.6 kwa mita. Maji hukawia kuteremka, hukaa kwenye tundu, na kugandia humo humo. Kwa maoni yangu neti yako iliziba kwa maji kwanza, na barafu ikaja baadaye.

#3 MkaaKinangop

Salamu kutoka Nyandarua. Ndugu Mwalimu, hesabu yako ni safi, lakini sidhani kwamba maji yalitangulia. Sisi wakulima wa viazi huku Kinangop tunaijua sakitu, ile barafu nyeupe ya usiku, kwa uchungu. Usiku ukiwa shwari na mbingu ikiwa wazi, kitu chochote chembamba kilicho nje hupoteza joto lake kuelekea angani na kuwa baridi kuliko hewa inayokizunguka. Mvuke ulioko hewani hukigandia bila kupitia umajimaji. Jani la kiazi linaweza kuwa na sakitu hali kipimajoto kilichotundikwa barazani kinaonyesha digrii 2 juu ya sifuri.

Nadhani neti yake ilipata sakitu kuanzia saa nane au saa tisa usiku, kabla ukungu haujafika. Ukungu ulipopanda alfajiri ulikuta neti tayari ni nyeupe, na kila tone lililogusa barafu liligeuka barafu. Kama ndivyo, dawa siyo kuhangaikia matone. Dawa ni kuikinga neti na mbingu usiku, au kuikunja jioni na kuitandaza ukungu ukianza.

#4 FundiNyaya_Norway

Nachangia kutoka Norway, ambako kazi yangu ni kukagua nyaya na minara ya milimani. Ipo njia ya tatu. Tone safi la ukungu halilazimiki kuganda likifika digrii 0. Linaweza kubaki maji kwenye digrii 5 au 10 chini ya sifuri, likisubiri kitu cha kugonga, na likigonga linaganda papo hapo. Barafu ya namna hiyo ina tabia yake: hukua kuelekea upepo unakotoka. Nguzo ikipigwa upande mmoja, manyoya ya barafu huota upande ule ule peke yake, na nyuma nguzo hubaki kavu. Sakitu anayoieleza mkuu wa #3 haina habari na upepo. Hukaa zaidi upande unaotazama juu angani.

Rangi nayo inasema kitu. Barafu nyeupe, nyepesi, yenye hewa ndani, ni ya matone madogo kwenye baridi kali. Barafu angavu kama kioo, inayojaza matundu, ni ya hali iliyo karibu na sifuri, ambapo tone hupata muda wa kutandaa kabla ya kuganda. Mleta uzi, naomba utoke alfajiri na tochi uangalie: barafu yako iko upande gani, na ni ya rangi gani?

#5 MkulimaWaUwanda

Nashukuru sana. Leo nimetoka saa kumi na moja alfajiri na nimeangalia kwa makini, uzi kwa uzi.

Mstari wa juu wa neti, kama nusu mita hivi, una unga mweupe pande zote mbili, nao hupukutika ukiugusa kwa kidole. Kuanzia hapo kushuka, upande wa bondeni, upepo unakotoka, kuna barafu angavu. Nimechungulia kwenye tundu moja kwa tochi nikaona kama kidirisha cha kioo, chembamba katikati na kinene pembeni, na ndani yake kiputo kimoja cha hewa. Upande wa nyuma nyuzi ziko wazi, zina vishanga vidogo tu. Kipimajoto changu cha kitaluni kilisoma digrii 1 chini ya sifuri.

Kwa hiyo naona #3 yuko sahihi kwa juu na #4 yuko sahihi kwa chini, nami nimezidi kuchanganyikiwa.

#6 MwalimuWaSayansi

Hicho kidirisha cha kioo chenye kiputo kinaniunga mkono mimi, mkuu. Ni utando wa maji uliokaa kwenye tundu kwanza, ukaganda kutoka pembeni kwenda katikati, hewa ikafungiwa ndani.

#7 FundiNyaya_Norway

Au ni matone yaliyogonga pembeni mwa tundu yakakua kuelekeana mpaka yakakutana. Hilo nimeliona kwenye nyavu za uzio mara nyingi. Kwa kuangalia umbo la mwisho peke yake hatuwezi kutofautisha haya mawili; itabidi mtu akeshe hapo tangu ukungu unapoanza.

#8 MpagaziWaZamani

Wanangu, nimesoma yote. Mimi nimebeba mizigo Kilimanjaro kwa miaka 20 na zaidi, njia ya Marangu, na ninataka kuirudisha mimea kwenye mazungumzo, maana ndiyo iliyoulizwa.

Ukitoka Mandara, mita 2,720, ukielekea Horombo, mita 3,720, unapita ukanda wa ile miti yenye vijani kama sindano fupi, ambayo wataalamu huiita *Erica*. Matawi yake yamevaa ndevu za kijivu, nyuzi laini zinazoning'inia. Ukungu ukipita pale huoni mvua, lakini koti linalowa kwa matone yanayotoka kwenye zile ndevu. Ukizikamua kiganjani zinatoa maji kama kitambaa. Hakuna kitu kipana pale: kila kitu ni sindano na uzi.

Juu zaidi kuna lobelia. Majani yake yamepangwa duara kama bakuli, na ndani ya bakuli kuna maji. Asubuhi tukiwa njiani kuelekea Kibo nilikuwa napenda kuchungulia. Juu ya yale maji kuna barafu nyembamba kama sarafu. Ukiitoboa kwa kidole, maji ya chini hayajaganda na yana utelezi kidogo. Mmea ule hulala na barafu kila usiku wa mwaka na haufi. Nawaomba muufikirie.

#9 DaktariMimea

Shikamoo mzee, umetutendea haki. Naomba kuongeza mawili, na kurekebisha moja ambalo najua litakuja.

Kuhusu ukanda wa *Erica*: Andreas Hemp, ambaye ameitafiti mimea ya Kilimanjaro kwa miaka mingi, aliandika mwaka 2005 kwamba moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu, na alikadiria kuwa maji ya ukungu yanayokosekana kwa sababu hiyo ni mita za ujazo milioni 20 kwa mwaka. Hayo ni maji yaliyokuwa yakikamatwa na sindano na ndevu alizozieleza mzee. Wengi huhuzunikia barafu ya Kibo inayopungua. Msitu huu ulioungua unastahili huzuni hiyo na zaidi.

Kuhusu lobelia: watu watasema hapa kwamba imethibitishwa kuwa utelezi wake ndio huiongoza barafu. Kazi maarufu ya mwaka 1979 ilihusu *Lobelia telekii* ya Mlima Kenya, na ilipima umajimaji ulio ndani ya shina lake la maua lenye uwazi. Walikuta ndani yake kitu kinachoanzisha kuganda mapema, chini kidogo tu ya sifuri. Maji yanapoganda hutoa joto, na joto hilo huzuia ndani ya shina kushuka zaidi usiku kucha. Lobelia aliyoiona mzee ni *Lobelia deckenii*, ndugu yake, na bakuli lake la majani ni kiungo kingine. Tusiyachanganye.

Hata hivyo somo ni zito. Mimea hii haikatai barafu. Huipangia mahali pa kukaa.

#10 KijanaWaUbunifu

Kuna mende wa jangwa la Namib ambaye mgongo wake una vinundu vinavyopenda maji na mabonde yanayoyakataa. Nadhani huyo ndiye wa kuigwa, na tayari kuna rangi za namna hiyo.

#11 DaktariMimea

Huyo ni mdudu, kijana, na mleta uzi ameuliza mimea, lakini nakujibu kwa sababu habari yake imeenea kuliko ushahidi wake. Maelezo ya vinundu yalitoka mwaka 2001, katika kazi ya Parker na Lawrence. Mwaka 2010 Nørgaard na Dacke waliwalinganisha mende wa Namib na wakaona kwamba anayesimama kichwa chini ndani ya ukungu ni *Onymacris unguicularis*, na kwamba tabia hiyo ya kusimama ina uzito mkubwa kuliko umbo la ngozi ya mgongo. Ukitaka kitu cha Namib, litazame jani la nyasi liitwalo *Stipagrostis sabulicola*, ambalo hushusha matone kwa mifereji yake mpaka kwenye shina. Lakini pwani ya Namib haigandi kama Makete.

Mpungate nao uko hivyo hivyo. Mwaka 2012 watafiti wa China walionyesha kwamba miiba ya *Opuntia microdasys*, mpungate wa Mexico, hukamata tone kwenye ncha na kulisukuma kuelekea shina. Mwiba una umbo la pia: mwembamba nchani, mnene chini, na tofauti ya mpindo hulivuta tone kuelekea penye unene. Ni kazi nzuri. Ila tone lililoganda nchani haliendi popote, na vipimo vingi vya namna hii hufanywa ndani ya chumba chenye joto la kawaida, kwa mashine ya kutoa ukungu.

#12 FundiNyaya_Norway

Nithibitishe hilo kwa upande wa jani la yungiyungi. Tangu Barthlott na Neinhuis walipolieleza mwaka 1997, kila muuzaji wa rangi anataja jani hilo: vinundu vidogo vyenye nta, hewa imebaki katikati, tone linabingirika. Kwenye mvua linafanya kazi. Kwenye baridi, mvuke huingia katikati ya vinundu na kuganda humo, na barafu inapata mizizi. Nimeshuhudia waya uliopakwa rangi ya aina hiyo ukishika barafu kwa nguvu kuliko waya wa jirani usiopakwa, tena baada ya misimu miwili tu ya kuganda na kuyeyuka. Watafiti wa Marekani waliandika mapema, mwaka 2010, kwamba sakitu hufuta faida ya nyuso hizo.

Zikaja nyuso za utelezi, zilizoiga mdomo wa ule mmea wa birika unaonasa wadudu. Timu ya Joanna Aizenberg huko Harvard iliitangaza mbinu hiyo mwaka 2011: uso wenye vinyweleo huloweshwa mafuta, na maji hukaa juu ya mafuta badala ya kugusa uso. Barafu huachia kwa urahisi mno. Udhaifu wake ni kwamba mafuta huondoka kidogo kidogo pamoja na maji, na sakitu yenyewe huweza kuyafyonza kutoka kwenye vinyweleo. Na wewe unataka kunywa maji hayo, kaka.

#13 BintiUsambara

Mmea wa birika tunaotajiwa, jamaa zake wa karibu nasi wako Madagaska na Shelisheli, kwa hiyo hata kuutazama ni safari.

Mimi niko Lushoto na nataka kuleta kisa changu. Mwaka juzi nilisoma kuhusu kinubi cha ukungu cha Virginia Tech, chuo kikuu cha Marekani, kazi ya timu ya Jonathan Boreyko iliyotangazwa mwaka 2018. Waliangalia miti mirefu ya pwani ya California, ile ambayo ukungu huiangushia maji msimu wa kiangazi, wakaona sindano zake zimepangwa sambamba. Wakaondoa nyuzi zote za mlalo, wakabakiza za wima peke yake. Tone halina tundu la kuziba, linateleza moja kwa moja chini. Katika vipimo vyao kinubi kilikusanya hadi mara tatu ya neti ya kawaida.

Nilichukua fremu ya mbao, nikapiga misumari juu na chini kila baada ya milimita 3, nikazungushia mshipi wa kuvulia samaki, ule mwembamba kabisa. Kazi ilinichukua siku mbili na vidole vilichubuka. Asubuhi ya kwanza ya ukungu nilisimama nikitazama tone moja: lilianza kama vumbi, likameza majirani zake, likafika ukubwa wa mbegu ya mchicha, likaanguka, na njiani likafagia matone yote yaliyokuwa chini yake, likaacha mshipi mtupu nyuma yake. Kwenye neti ya kivuli tone kama hilo lingekwama kwenye fundo la kwanza.

#14 MkulimaWaUwanda

Dada, nimekusoma mara mbili. Lakini Lushoto kwenu baridi inaishia kwenye sweta. Je, mshipi ukiganda?

#15 BintiUsambara

Hapo sina ushahidi, kaka. Ninachoweza kukuonya ni kwamba mishipi mirefu ikilowa huvutana na kushikamana miwili miwili kama nywele zilizolowa. Fremu yangu ina kimo cha mita 1 tu. Ukienda mita 4 bila viungo vya katikati itakuwa kamba moja.

#16 MkaaKinangop

Nimekumbuka kitu nilichokiona shambani kwangu na nikaja kukikuta kwenye utafiti. Asubuhi ya sakitu ukilitazama jani la kabichi kwa karibu, barafu haijatandaa sawasawa. Iko juu ya mishipa ya jani na kwenye kingo, na mabondeni kati ya mshipa na mshipa pamebaki kijani kitupu. Mwaka 2020 timu ya Kyoo-Chul Park, Chuo Kikuu cha Northwestern, ilieleza kwa nini: mvuke hufika zaidi kwenye miinuko, hugandia huko, na barafu ya miinuko hunyonya mvuke uliobaki, hivyo mabonde hukauka. Walitengeneza uso wenye mawimbi ya kimo cha milimita kadhaa na kupunguza eneo lenye sakitu kwa hadi asilimia 60. Huyu Park ndiye aliyewahi kutafiti nyavu za ukungu akiwa MIT, chuo kingine cha Marekani, kwa hiyo hafiki kwenye jambo hili kama mgeni.

Hapo ndipo mafundisho ya mzee wa #8 na ya Daktari yanapokutana: barafu ipewe pa kukaa. Nadharia yangu ni kwamba mleta uzi angetumia mistari ya mabati yenye migongo iliyosimama wima, migongo ishike barafu, mabonde yashushe maji.

#17 DaktariMimea

Tahadhari, ndugu. Utafiti huo ulihusu mvuke unaogandia uso. Matone ya ukungu yanayokuja na upepo hayafuati njia ya mvuke, yanagonga yanapogonga. Unga mweupe wa nusu mita ya juu unaweza kutii mabonde yako. Kioo cha chini, nina shaka.

#18 KijanaWaUbunifu

Nimekubali kuhusu mende. Je, kwa nini tusipitishe waya wa umeme ndani ya neti ili iyeyuke yenyewe?

#19 MwalimuWaSayansi

Tupige hesabu. Neti yake ina mita za mraba 40. Ikishika kilo 3 za barafu kwa kila mita, ni kilo 120. Kuyeyusha kilo 1 ya barafu iliyo kwenye sifuri kunahitaji kilojuli 334, kwa hiyo jumla ni kama kilojuli 40,000, ambazo ni uniti 11 za umeme. Kila asubuhi uniti 11, kwa maji ya ndoo sita. Hailipi, tena bila kuhesabu joto linaloibwa na upepo.

Kilichonishtua zaidi ni nguzo iliyoinama. Neti ikiwa wazi, upepo hupenya. Ikiziba inakuwa ukuta. Kwa kimo cha Makete, upepo wa mita 10 kwa sekunde ukigonga ukuta wa mita za mraba 40 unausukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa takriban kilo 220, na hapo hatujaongeza kilo 120 za barafu. Mkuu, funga waya za kushikilia nguzo kabla ya utafiti wowote. Watoto wanacheza chini yake?

#20 MkulimaWaUwanda

Wanacheza, na nimeshafunga waya leo. Asante kwa hilo, Mwalimu.

#21 MpagaziWaZamani

Ninyi mnapigana na barafu usiku. Mimi nasema iache igande. Ikishika usiku kucha, jua la saa mbili litaiyeyusha bure. Weka gata pana, au turubai chini lenye mteremko, upokee hata vipande vinavyoanguka.

#22 FundiNyaya_Norway

Nakubali nusu, mzee. Neti ikishajaa barafu ukungu haupenyi tena, kwa hiyo saa mbili za mwisho za ukungu, ambazo huenda ndizo nzuri, zinapita pembeni. Pia mleta uzi alisema barafu nyingine inapotea bila kutona. Hewa ikikauka ghafla ukungu unapoondoka, barafu inageuka mvuke bila kuwa maji. Safari hiyo inahitaji kilojuli 2,834 kwa kilo, kwa hiyo kwa kawaida ni ya polepole, lakini barafu nyembamba kwenye upepo mkavu huisha. Wima inaweza kusaidia hapa: barafu ya kwenye mshipi haina fundo la kuishikilia, ikilegea inateremka yote.

#23 BintiUsambara

Au mshipi ukitikiswa na upepo, barafu inavunjika kabla haijanenepa. Zile ndevu za mzee wa #8 hazitulii hata kidogo, zinacheza muda wote. Hakuna aliyetaja kwamba neti ya mleta uzi imekazwa kama ngoma, ilhali kila kinachovuna ukungu mlimani kinayumba.

#24 DaktariMimea

Hilo la kuyumba sikulifikiria, na nimelipenda. Ningeongeza kwamba nyavu zinazosifiwa hazikuwahi kukutana na shida hii. Nyavu za El Tofo, Chile, zilizopeleka wastani wa lita 15,000 kwa siku katika kijiji cha Chungungo miaka ya 1990, zilikuwa mita 780 hivi. Mlima Boutmezguida wa Morocco ni mita 1,225. Miongozo yote tunayoisoma imeandikwa kwa nyavu zisizoganda, kwa hiyo alichonacho mkuu wa Makete pale tutani kwake ni uwanja wa majaribio wa kweli.

#25 MkulimaWaUwanda

Wakuu, narudi na mrejesho baada ya wiki mbili. Nimetengeneza fremu mbili za mita 1 kwa mita 1 na kuzisimamisha jirani na neti kubwa, kila moja na ndoo yake. Ya kwanza ina neti ya kivuli tabaka mbili, ya pili ina mshipi wima kwa milimita 3 kama alivyoelekeza dada wa Lushoto, ila nimeulegeza kidogo ili uyumbe.

Alfajiri ya jana ilikuwa digrii 2 chini ya sifuri. Niliketi hapo na blanketi tangu saa tisa usiku. Unga mweupe ulikuwepo kwenye fremu zote mbili kabla ukungu haujafika, hilo nimeliona kwa macho. Ukungu ulifika saa kumi na robo. Neti iliziba ndani ya saa moja. Kwenye mshipi barafu iliota upande wa upepo tu, kama meno ya chanuo, na upepo ulipovuma nilisikia mlio mdogo wa kukatika, kama mtu anayetembea juu ya makapi ya mahindi. Vipande vilianguka, na mshipi ukaanza upya. Saa mbili asubuhi mshipi ulikuwa mtupu kabisa, na neti iliendelea kutona mpaka saa nne.

Nilipoyeyusha na kupima, ndoo ya neti ilikuwa na lita 2 na robo. Ndoo ya mshipi, lita 1 na nusu.

#26 MpagaziWaZamani

Nilisema iache igande.

#27 BintiUsambara

Babu, pole pole. Kaka, vipande vilivyokatika kwa upepo vilianguka wapi? Upepo uliovivunja ndio huo huo uliovibeba. Je, ulikuta barafu nyasini nyuma ya fremu?

#28 MkulimaWaUwanda

Nilikuta, dada, tena nyingi, umbali wa hatua mbili hivi. Kesho natandaza turubai nyuma ya fremu zote mbili.

#29 MkaaKinangop

Na weka ya tatu, ya mabati yenye migongo. Nitakutumia kipande cha bati kwa basi la Mbeya ikibidi.